Stesheni ya Kikuyu

1. Mahali penyewe

Mtu akitoka Nairobi kwa gari la moshi kuelekea upande wa magharibi, hupita Kibera, kisha Dagoretti, na baada ya hapo hufika katika mji mdogo uitwao Kikuyu. Kwa barabara mji huo hauko mbali na Nairobi, yapata kilometa 20 tu. Lakini ukitaka kujua umbali wake kwa kweli, usihesabu kilometa peke yake. Hesabu na kupanda pia. Nairobi iko karibu futi 5,500 juu ya usawa wa bahari. Kikuyu imepita futi 6,500, na Limuru, iliyo mbele yake, imepita futi 7,000. Ndiyo sababu abiria aliyepanda gari Nairobi amevaa shati jepesi huanza kujikunyata afikapo Limuru, hasa katika miezi ya Juni na Julai, ukungu unapotanda juu ya mashamba ya chai.

Watu wengi hupita katika stesheni ndogo bila kuitazama. Huona nyumba, benchi na reli, na fikira zao zimekwisha kutangulia mbele kule waendako. Katika somo hili sisi tutafanya kinyume chake. Tutashuka Kikuyu, tutasimama kando ya reli, na kuuliza: Njia hii ilikujaje hapa? Vitu hivi vina kazi gani? Na ni watu gani waliosimama hapa kabla yetu?

2. Kabla ya reli

Zamani, mtu aliyetaka kutoka Mombasa kuja Kikuyu alikuja kwa miguu. Alipita nyika kavu ya Taru, ambako maji ni shida, akapita Tsavo na Kibwezi, akavuka mbuga za Athi, ndipo akaona miti mirefu ya nchi ya Wakikuyu. Mizigo yote ilichukuliwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Safari hiyo ilikula majuma mengi, na wapagazi wengi walikufa njiani kwa kiu, njaa na maradhi.

Nchi ya Wakikuyu ilikuwa na vyakula vingi, kama viazi, maharagwe, mahindi na ndizi. Kwa hiyo misafara iliyokwenda Uganda ilipenda kutua hapa ili kununua chakula. Mwaka 1891 watu wa Kampuni ya Kiingereza walijenga ngome yao karibu na hapa, ikaitwa Fort Smith. Mwenyeji mmoja mkuu wa nchi hii aliitwa Waiyaki wa Hinga. Hapo kwanza alipatana na wageni, lakini baadaye ugomvi ukazuka, maana wageni hawakuishi kwa kununua tu. Mwaka 1892 Waiyaki alikamatwa, akapelekwa upande wa pwani akiwa mfungwa. Hakufika. Alikufa Kibwezi, akazikwa huko. Leo barabara kuu inayotoka Nairobi kuja upande wa Kikuyu inaitwa kwa jina lake, na kila siku maelfu ya watu hulitaja jina hilo bila kukumbuka kwamba mwenyewe alitolewa katika nchi hii kwa njia ya miguu, wala asirudi.

Mwaka 1898 wamisheni wa Kanisa la Scotland, ambao kwanza walikaa Kibwezi, walihamia Kikuyu. Mahali pao panaitwa Thogoto, na husemekana ya kuwa jina hilo ni neno Scotland lenyewe, lilivyotamkwa na wenyeji. Basi reli ilipokaribia, ilikuta watu wamekwisha kukusanyika hapa kwa haja mbalimbali.

3. Reli yapanda mlima

Reli ya kwanza ya njia ya Uganda ililazwa Mombasa mwaka 1896. Mkuu wa wajenzi aliitwa George Whitehouse. Wafanyakazi zaidi ya 31,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na Waafrika wengi walifanya kazi pamoja nao. Katika wale Wahindi, yapata watu 2,500 walikufa kabla ya kazi kwisha, wengine kwa maradhi, wengine kwa ajali, na wengine waliliwa na simba kule Tsavo mwaka 1898. Mwezi wa Mei mwaka 1899 reli ilifika mahali palipoitwa Nairobi, mahali pa majimaji pasipokuwa na mji. Wajenzi walipiga kambi hapo, kwa sababu mbele yao waliona kazi ngumu zaidi: milima ya Kikuyu.

Huenda ukauliza, Je, kuna ugumu gani? Mtu hupanda kilima cha Kikuyu huku anazungumza na mwenziwe. Naam, lakini gari la moshi si mtu. Magurudumu yake ni ya chuma, na njia yake ni ya chuma. Chuma juu ya chuma huteleza. Hiyo ni faida kubwa mahali palipo sawa, maana injini moja yaweza kuvuta mzigo ambao ng'ombe mia hawauwezi. Lakini mahali pa mwinuko faida hiyo hugeuka kuwa hasara: magurudumu huzunguka bure na gari lisiende. Kwa sababu hiyo injini huchukua mchanga katika sanduku maalumu, na dereva huumwaga kidogo kidogo juu ya reli ili magurudumu yashike.

Tufanye hesabu. Tuseme mjenzi ameamua kwamba njia yake isipande zaidi ya futi 1 kwa kila futi 50 za kwenda mbele. Kwa mtu wa miguu mwinuko kama huo ni kama hakuna. Kutoka Nairobi hata Limuru lazima apande futi zaidi ya 1,500. Zidisha 1,500 kwa 50, utapata futi 75,000, yaani zaidi ya maili 14 za njia, nazo ni za kupanda tu, bila kuhesabu mabonde ya kuvuka. Sasa umefahamu kwa nini reli haiendi moja kwa moja kama kamba iliyovutwa. Huzunguka kilima, hufuata ukingo wa bonde, hukata ardhi hapa na kujaza tuta pale, ili ipande taratibu bila kushindwa.

Baada ya Limuru wajenzi walikuta jambo lingine: ardhi yenyewe imekatika, na chini kabisa waliona Bonde la Ufa. Kwa muda walishusha mabehewa kwa kamba za chuma zilizofungwa kwenye magurudumu makubwa juu ya mlima, mpaka njia ya kudumu ilipokuwa tayari mwaka 1901. Mwezi wa Desemba mwaka huo huo reli ilifika ziwani, mahali tupaitapo Kisumu. Tangu hapo safari iliyokuwa ya majuma ikawa ya siku chache tu.

Lakini tusisahau jambo moja. Reli haikupita hewani. Ilipita katika mashamba na malisho ya watu, na baada ya reli walikuja walowezi, wakapewa ardhi nyingi ya nchi hii ya baridi. Kule Limuru mbegu za chai zilipandwa mara ya kwanza mwaka 1903. Wenyeji wengi walijikuta wakifanya kazi ya ujira katika mashamba ambayo baba zao waliyalima. Kwa hiyo wazee wakizungumza habari za reli, utawasikia wakisifu na kulalamika kwa pumzi moja. Nao hawakosei katika hayo yote mawili.

4. Vitu vya stesheni ndogo na kazi zake

Sasa tutazame vitu vinavyokuwapo katika stesheni ndogo ya njia kama hii, tuone kazi ya kila kimoja.

Kwanza ni nyumba yenyewe. Si nyumba ya fahari: kuta imara, bati juu, na baraza mbele, ili watu wajikinge mvua na jua. Ndani kuna chumba cha msimamizi wa stesheni na dirisha dogo la kukatia tikiti. Jina la stesheni huandikwa kwa herufi kubwa juu ya ubao uliosimamishwa kando ya njia, ili abiria aliye ndani ya behewa ajue amefika wapi. Katika stesheni nyingi za njia hii ubao ulionyesha pia urefu wa mahali juu ya usawa wa bahari.

Pili ni jukwaa, yaani ukingo mrefu ulioinuliwa kando ya reli. Wengi hudhani jukwaa ni mahali pa kusimama tu. Sivyo. Jukwaa huinuliwa ili mlango wa behewa usiwe juu mno kwa mzee, kwa mama aliyebeba mtoto, au kwa mtu mwenye gunia la viazi. Mahali pasipo na jukwaa watu hupanda kwa kushika vyuma, na hapo ajali huwa karibu.

Tatu ni ghala na mizani. Zamani stesheni ndogo ilikuwa ni soko la nchi. Mazao ya mashamba yalipimwa hapa, yakaandikwa hati, yakatiwa katika mabehewa ya mizigo. Na vitu vya mjini vilishushwa hapa: chumvi, nguo, mabati, majembe. Kwa hiyo wafanyabiashara, wengi wao Wahindi, walijenga maduka yao karibu na reli. Ukitazama miji mingi midogo ya Kenya utaona jambo hilo: si stesheni iliyofuata mji, bali mji ulifuata stesheni.

Nne ni maji. Injini za zamani zilikuwa na kiu kuliko ngamia. Zilichemsha maji ili kupata mvuke, na mvuke ndio uliosukuma magurudumu. Hapo mwanzo moto wake ulikuwa wa kuni, na misitu mingi ilikatwa kwa ajili hiyo; baadaye mafuta yakatumika badala ya kuni. Kwa hiyo kila baada ya mwendo fulani ilikuwa lazima pawe na tangi kubwa la maji lililoinuliwa juu ya nguzo. Injini za mvuke zilikoma kufanya kazi ya kawaida katika Kenya karibu na mwaka 1980. Siku hizi injini hutumia dizeli, wala hazingoji maji. Hata hivyo watu wangali wakisema "gari la moshi." Jina limekaa, moshi wake umekwenda. Mtu atakaye kuziona injini zile za zamani na aende kwenye Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971. Ataziona zimesimama kimya, kubwa kama nyumba.

5. Njia moja, magari mawili

Jambo la tano ndilo kubwa kuliko yote, nalo ni njia ya kando. Njia hii ya reli ni moja tu. Upana wake kati ya reli na reli ni meta 1. Magari huenda juu yake na magari hurudi juu yake. Gari likitoka Nairobi na jingine likitoka Limuru, yatapishanaje? Gari la moshi haliwezi kujitenga kando kama baisikeli. Tena haliwezi kusimama ghafula. Dereva akiona hatari mbele yake akafunga breki, gari zito litaendelea kwenda mamia ya hatua kabla halijasimama.

Basi hapa ndipo stesheni ndogo inapoonyesha maana yake. Katika stesheni njia moja hugawanyika kuwa mbili, halafu huungana tena. Gari linalofika kwanza huingia njia ya kando, likangoja. La pili likipita, lile la kwanza huruhusiwa kuendelea. Kuruhusiwa huko si jambo la kubahatisha. Msimamizi wa stesheni huuliza kwanza stesheni ya mbele kwa simu, "Je, njia ni tupu?" Asipojibiwa, gari halitoki, hata abiria wakinung'unika namna gani. Katika nchi nyingi zenye njia moja ilikuwa desturi kumpa dereva kitu maalumu cha kushika mkononi, cha chuma au cha karatasi, ili kiwe ushahidi kwamba njia ni yake peke yake mpaka stesheni inayofuata. Asiyekuwa nacho hakuthubutu kuondoka.

Kisha ziko ishara: taa au mkono wa chuma juu ya nguzo, bendera nyekundu na bendera ya kijani mikononi mwa gadi, na firimbi yake. Nyekundu ni kusimama. Kijani ni kwenda. Mtoto mdogo hujua hayo. Lakini maisha ya mamia ya watu yametegemea msimamizi mmoja aliyekesha usiku wa baridi, akakumbuka kuuliza kabla ya kujibu.

6. Madaraja matatu

Katika siku za ukoloni, mtu aliyekwenda dirishani kukata tikiti hakuulizwa fedha zake tu. Mabehewa yalikuwa ya madaraja matatu. La kwanza lilikuwa la Wazungu, lenye viti vya kulalia. La pili lilikuwa la Wahindi. La tatu, lenye mabenchi ya mbao na msongamano mkubwa, lilikuwa la Waafrika. Gari lilikuwa moja, injini ilikuwa moja, na wote walifika saa ile ile. Lakini walifika kana kwamba wametoka katika nchi tatu mbalimbali.

Pamoja na hayo watu walilipenda gari. Kule Limuru, siku ya Jumapili, vijana walivaa nguo zao nzuri wakaenda stesheni kulitazama gari la abiria, ingawa hawakuwa na safari. Walikutana na rafiki, wakapashana habari, wakawatazama wageni madirishani. Mwandishi Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyezaliwa karibu na Limuru mwaka 1938, ameyaandika mambo hayo, na katika hadithi yake moja kubwa, iliyotolewa mwaka 1967, vijana hukimbia mashindano kwenda kuliwahi gari hilo. Na habari zake mwenyewe, tutakazosimulia sasa, zimefungamana na stesheni hizi mbili, Limuru na Kikuyu.

7. Kijana asiye na hati

Mwaka 1926 misheni kadhaa za Kiprotestanti ziliungana zikafungua shule ya juu ya wavulana Kikuyu, ndiyo Alliance High School. Mwanzoni mwa mwaka 1955 kijana Ngũgĩ alipata nafasi katika shule hiyo. Mama yake alikuwa mkulima maskini. Kwa kijana wa namna hiyo, nafasi ile ilikuwa kama mlango unaofunguliwa mara moja tu.

Siku ya safari alikwenda stesheni ya Limuru na sanduku lake. Kutoka Limuru hata Kikuyu si mbali. Lakini wakati huo nchi ilikuwa katika Hali ya Hatari, iliyotangazwa mwezi wa Oktoba mwaka 1952 kwa ajili ya vita vya Mau Mau, na Mkikuyu hakuruhusiwa kusafiri pasipo hati. Kijana hakuwa nayo. Hakujua hata kwamba inatakiwa. Akakataliwa kupanda. Gari la abiria likaondoka, naye akabaki jukwaani na sanduku lake, akiona mlango ule unafungwa mbele ya macho yake.

Hapo ndipo mtumishi mmoja wa reli alipomwonea huruma. Hakuwa na mamlaka ya kuivunja sheria, lakini alijua kwamba gari jingine litapita, nalo ni la mizigo. Gari la mizigo halina abiria, na pasipo abiria hapana wa kuulizwa hati. Basi kijana akaingizwa katika behewa, akakaa katikati ya zana na nguo za wafanyakazi, akasafiri hivyo mpaka Kikuyu. Alishuka katika stesheni hii tunayoisoma. Akaenda shuleni.

Kipindi cha kwanza cha masomo kilipokwisha, mwezi wa Aprili, alirudi nyumbani kwa gari la abiria, safari hii kwa tikiti ya daraja la tatu, amevaa nguo za shule. Alishuka Limuru kwa furaha, akapanda njia ya kwao. Alipofika mahali pa kuiona nyumba ya mama yake, hakuiona. Hakuona nyumba yoyote. Kijiji kizima kilikuwa kimebomolewa, na watu wote walikuwa wamehamishwa kwa amri ya serikali, wakakusanywa katika kijiji kipya kilicholindwa na askari. Akaenda huko akiuliza nyumba hata nyumba, mpaka akawapata jamaa zake.

Kijana huyo alikuja kuwa mwandishi mkubwa, ambaye vitabu vyake husomwa duniani kote. Alifariki mwezi wa Mei mwaka 2025. Tukisimama leo katika stesheni ya Kikuyu, tunaweza kuyawaza mambo mawili pamoja: kipande cha karatasi kilichotaka kumzuia mtoto asisome, na mtumishi mmoja wa stesheni ndogo aliyemfikisha.

8. Wasafiri wa kila siku

Kenya ilipata uhuru mwezi wa Desemba mwaka 1963. Hati za kusafiri zilikuwa zimekwisha, na tikiti hazikufuata rangi tena. Reli iliyokuwa ya nchi tatu za Afrika ya Mashariki iligawanywa Jumuiya ilipovunjika mwaka 1977, na Kenya ikawa na shirika lake yenyewe.

Kazi ya stesheni ya Kikuyu nayo imebadilika. Nairobi imekua mno, na mashamba ya Kikuyu yamegawanywa vipande vidogo kutoka kwa baba hata kwa wana. Kwa hiyo watu wengi hulala Kikuyu na kufanya kazi Nairobi. Asubuhi na mapema hushuka mjini, jioni hupanda tena kurudi. Reli iliyojengwa ili kufika Uganda imekuwa pia ngazi ya fundi, ya karani, ya mwanafunzi na ya mchuuzi, wakipanda na kushuka kila siku.

Kwa nini mtu apende gari la moshi kuliko matatu? Tufanye hesabu nyingine. Tuseme gari lina mabehewa 10, na kila behewa huchukua watu 80. Hao ni watu 800. Matatu ya kawaida huchukua abiria 14. Gawanya 800 kwa 14, utaona kwamba yahitajika matatu zaidi ya 57 kuwachukua watu wa gari moja tu la moshi. Fikiri matatu hizo zote zikijipanga barabarani asubuhi ya mvua! Gari la moshi halina foleni. Nauli yake nayo imezoea kuwa nafuu kwa mtu wa kipato kidogo.

Upungufu wake ni huu: gari la moshi halimngoji mtu. Matatu ikikupita, nyingine inakuja. Gari la moshi likikupita asubuhi, limekupita. Ndiyo maana wenye kulitegemea hujifunza kuamka mapema na kuitazama saa. Tena halimfikishi mtu mlangoni pake. Lazima atembee kutoka stesheni. Na njia ikiharibika mahali pamoja, safari yote husimama.

Mwaka 2017 njia mpya ya reli pana ilifunguliwa kutoka Mombasa hata Nairobi, na mwaka 2019 ikaendelezwa upande wa Naivasha. Lakini njia hiyo mpya hupita upande wa Ngong, wala haipiti Kikuyu. Kwa hiyo mtu wa Kikuyu aliye na haja ya reli hutazamia ile ile njia ya meta 1 iliyopandishwa mlima huu zaidi ya miaka mia moja iliyopita.

9. Mali ya watu wote

Mwezi wa Januari mwaka 2008, wakati wa fujo zilizofuata uchaguzi, vijana wenye hasira waling'oa reli kule Kibera. Hasira yao ilikuwa na sababu zake; lakini tufuatie tuone nani aliyeumia. Wakubwa waliogombana hawakusafiri kwa gari lile. Waliokosa njia ni wafanyakazi wa mshahara mdogo, wengi wao majirani wa hao hao walioing'oa. Na mbali kabisa, huko Uganda, mafuta yalikwama kwa sababu reli ilikuwa imekatwa katika mtaa mmoja wa Nairobi. Njia ndefu ya chuma ni kama mshipa katika mwili: ukatwapo mkononi, maumivu hufika kichwani.

Reli huharibiwa pia kwa mambo madogo. Mtu huiba misumari ya mataruma auze chuma chakavu. Mwingine hutupa taka katika mfereji wa kando. Maji yakikosa njia huingia chini ya tuta, na tuta likilegea reli hushuka. Watoto huweka mawe juu ya reli wapate kuona yatakavyopondwa. Wengine hutembea katikati ya reli wakidhani watalisikia gari. Hawajui ya kuwa gari linaloteremka mlima huja kwa kimya kuliko lile linalopanda.

Basi ufikapo stesheni, simama mbali na ukingo wa jukwaa. Ngoja wanaoshuka washuke, ndipo nawe upande. Usivuke reli mpaka umetazama pande zote mbili. Na ukipata nafasi, tazama nyumba ile ndogo, ubao wa jina, na ile njia ya kando ambako gari moja husimama ili lingine lipite.

Maneno ya kukumbuka

Taruma (mataruma): gogo au chuma kinacholazwa chini ya reli ili kuzishika.
Behewa (mabehewa): gari moja katika magari yanayovutwa na injini.
Gadi: mtumishi wa gari la moshi mwenye bendera na firimbi.
Tuta: udongo ulioinuliwa ili reli ipite juu yake.
Njia ya kando: njia ya pili katika stesheni, ambapo magari hupishana.

Maswali

1. Kwa nini misafara ya zamani ilipenda kutua katika nchi ya Wakikuyu?
2. Eleza kwa nini reli haiwezi kupanda mlima moja kwa moja. Mchanga una kazi gani?
3. Mjenzi ataka kupanda futi 900, naye hapandi zaidi ya futi 1 kwa kila futi 60. Njia yake itakuwa na futi ngapi?
4. Magari mawili hupishanaje juu ya njia moja? Chora picha ya njia ya kando.
5. Mtumishi wa reli wa Limuru alifanya nini ili kijana Ngũgĩ afike shuleni? Je, wewe ungalikuwa mahali pake ungalifanya nini? Toa sababu zako.
6. Nenda kwa mzee mmoja wa kijiji chenu, umwulize safari yake ya kwanza ya gari la moshi au ya basi. Andika habari hiyo kwa maneno yako mwenyewe, ukurasa mmoja.